Mzazi Asiyekaa Chini

Ukipita bomani kwa Kalunde miezi ile, ungemkuta mke wa mwanawe, Kavindu, amesimama. Kukaa? Wapi! Alifagia uwanja, akimaliza anafagia tena. Alichota maji, na mitungi ikiwa imejaa alimwagia kuku ya jana ili apate sababu ya kuchota ya leo. Na huyu alikuwa mzazi wa juzi tu. Mtoto wake wa kwanza hakuwa hata ameanza kuinua shingo.

Kazi yenyewe ilikuwepo, hilo sikatai. Mvua ya El Nino ilikuwa imebomoa matuta karibu yote upande wetu wa Masii. Mashamba yalibaki na makorongo ambayo ndama angepotelea ndani. Basi akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana, walizunguka boma kwa boma wakichimba matuta upya kabla ya mvua ya Oktoba. Leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Mama aliyejifungua husamehewa mwethya. Hiyo ni desturi ya tangu zamani. Anakaa nyumbani, analetewa kuni, analetewa maji na uji wa wimbi, ananenepa. Lakini Kavindu alitokea shambani asubuhi moja na jembe begani.

"Aiya!" Mutheu, mwenyekiti wa kikundi, akapaza sauti. "Umefuata nini huku wewe? Mtoto yuko wapi?"

"Yuko na Mwaitu," Kavindu akajibu. Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Ndivyo alivyomwita mama mkwe wake, Kalunde.

"Na akilia?"

"Nitaenda nimnyonyeshe, nirudi."

Akashika mstari wake akachimba. Hakunyoosha mgongo. Hakuimba na wenzake. Walipopumzika kunywa uji, yeye aliendelea kurusha udongo juu ya tuta.

"Mwangalieni huyo," Mutheu akasema. "Wasichana wa siku hizi wakizaa wanalala tu wakingoja kupikiwa. Huyu ni wa zamani!"

Wakacheka, wakampigia makofi. Kavindu naye akacheka, kwa sababu wengine walikuwa wanacheka. Moyo wake ulikuwa unadunda mbio, lakini si kwa sababu ya jembe. Ulidunda hivyo tangu alipoamka, na jana yake, na juzi yake.

Ukweli hakuna aliyeujua. Kavindu hakuwa anakimbilia kazi. Alikuwa anamkimbia mtoto wake.

Mtoto mwenyewe hakuwa na kosa. Alikuwa mnene, mwenye nywele nyingi na mdomo wa kununa. Aliitwa Maundu. Lilikuwa jina la babu yake, marehemu mume wa Kalunde, maana mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba. Kwa hiyo Kalunde alimwita "mume wangu", kama nyanya zetu wanavyotania.

"Mume wangu ameamka? Njoo nikuone. Aiya, umenikojolea! Hata zamani ulikuwa na haraka hivi hivi!"

Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Kalunde alikuwa amepata mume tena. Alitembea kwa madaha kama msichana.

Sasa niambie wewe, katika nyumba kama hiyo Kavindu angesema nini? Angesema, "Mwaitu, huyu mume wako nikimpakata sisikii chochote moyoni"? Angesema kwamba kila akipita naye karibu na tangi la maji lililochimbwa uwanjani anaona mtoto akitumbukia, na mikono inayomwachilia ni yake yeye mwenyewe?

Picha hiyo ilimjia mara ya kwanza alipokuwa akimwogesha mtoto kando ya tangi. Ilikuja yenyewe, hakuiita. Alishtuka akaangusha sabuni. Alimfunga mtoto kwenye leso angali na maji mwilini, akampeleka kwa Kalunde.

"Mshike kidogo, Mwaitu. Naenda kuni."

Tangu siku hiyo kila siku ilikuwa siku ya kuni.

Usingizi nao ulimhama. Mtoto alilala vizuri, shida ilikuwa yeye. Akijilaza, anaamka kuangalia kama mtoto anapumua. Akijilaza tena, anaamka kuangalia kama tangi limefunikwa. Chakula kilimkaa mdomoni kama pumba. Tena mambo haya yalianza kabla ya kuzaa. Mimba ilipokuwa kubwa alikuwa akizunguka nyumba na tumbo lake, roho juu, asijue anaogopa nini. Watu walimwambia, "Ni mvulana huyo, anakusukuma."

Mume wake, Muthoka, alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Athi River. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Kavindu alijaribu kumwambia.

"Baba Maundu, mimi naogopa."

"Unaogopa nini na mama yuko hapa?" Muthoka akasema. Alikuwa anamrusha mtoto juu na kumdaka. Kavindu alitoka nje. Akaenda kuni.

Mambo yakawa hivyo hivyo, mpaka Kalunde alipoleta habari ya Masinga.

"Jumamosi naenda Masinga," alisema, akivua viatu mlangoni. "Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu aliyeolewa huko, analetewa mbuzi wa ntheo."

Ntheo si jambo la kukosa. Ni wale mbuzi wa kwanza wa mahari ambao watu wa kijana wanaleta kwa kina msichana. Hata mkifunga harusi kanisani, bila ntheo wazee watasema huyo msichana bado ni wa baba yake. Na siku hiyo nyanya wa msichana asipoonekana, watu watauliza kama yuko hai.

"Nitakaa huko wiki moja," Kalunde akasema. "Wewe na mume wangu mtabaki. Sina wasiwasi. Wewe ni mtu wa kutegemewa."

Wiki moja. Kavindu, mtoto na tangi.

"Mwaitu, twende wote."

"Na mtoto mchanga? Na vumbi yote ile?"

"Basi niende kwetu wiki hiyo."

"Uende kwenu kwani umefukuzwa? Na ng'ombe atakamuliwa na nani?" Kalunde akacheka. "Wewe unaogopa nini? Wewe si wa kuogopa."

Kavindu akachukua ufagio akafagia uwanja uliokuwa safi.

Siku nne zilizobaki alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikaa akainuka, akaingia akatoka. Kichwani alikuwa na wazo moja, nalo liliogofya. Yeye akiondoka kabla ya Jumamosi, Kalunde hatasafiri. Mtoto atabaki na nyanya yake, atakuwa salama. Aende wapi? Hakujua. Aende tu, asirudi. Pengine ni heri asiwepo kabisa. Alilia akichota maji, akanawa uso, akarudi nyumbani na mtungi.

Siku hizo hizo alikuwa anamalizia kiondo ambacho Kalunde angebeba kumpelekea huyo mjukuu. Kavindu alijulikana kwa kusuka. Viondo vyake vilikaa wima vyenyewe, laini, wala huoni uzi ulipoanzia. Hiki alikisuka akitembea, akisuka akipika, vidole havitulii. Alhamisi akakikabidhi.

Kalunde alikipokea akitabasamu. Kisha akapitisha vidole ndani, na tabasamu likakatika. Nyuzi zilikuwa zimevutwa mno. Mdomo wa kiondo ulikuwa umekunjamana, na ubavu mmoja umepinda.

"Kavindu, hii ni mikono yako?"

"Ni yangu, Mwaitu. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini? Umevuta kama mtu anayefunga mwizi." Kalunde akamtazama mikono, halafu uso. Ni kama alikuwa hajauona uso ule siku nyingi. "Umekonda, mwanangu."

"Ni jua."

Kalunde hakubisha. Aliweka kiondo chini. "Kesho si ni kliniki ya mtoto? Nitaenda na wewe."

Kituo chetu cha afya kilikuwa na muuguzi aitwaye Sista Wamucii. Alitoka upande wa Murang'a, mumewe Kimotho alikuwa na duka la misumari pale sokoni. Alikuwa amekaa Masii mpaka akajua Kikamba, lakini alikisema kwa namna yake, na akina mama walimcheka waziwazi. Yeye hakujali. Alicheka nao.

Alimning'iniza Maundu kwenye mizani. Maundu akapiga mateke.

"Huyu ni mzima kabisa," Sista akasema. "Anakula vizuri. Mtoto nimemwona. Na mama yake je?"

"Niko sawa," Kavindu akasema haraka.

"Huyo usiulize," Kalunde akadakia. Akiwa mbele ya watu, sifa zilimtoka zenyewe. "Sista, huyo hakai! Wiki tatu tu baada ya kuzaa alikuwa mwethya, anachimba matuta. Usiku ukiamka utamsikia anatembea. Mchana haegemei hata ukuta. Mimi Mungu amenipa mkaza mwana!"

Sista Wamucii hakumsifu. Alimvalisha mtoto nguo polepole.

"Hakai?" akauliza. "Hata mtoto akilala?"

"Hata mtoto akilala!"

"Mwaitu, nakuomba. Mbebe mume wako nje aote jua kidogo. Nataka kuongea na huyu."

Kalunde alitoka. Sista akafunga mlango, akavuta kiti mpaka karibu.

"Mama Maundu, hapa hakuna mtu. Ukipata nafasi ya kulala, usingizi unakuja?"

"Hauji."

"Na moyo?"

"Unaenda mbio. Tangu nikiwa na mimba."

"Kuna kitu unaogopa?"

Kavindu aliangalia mlango. Nje alimsikia Kalunde akimwimbia mtoto. Kesho ilikuwa Jumamosi. Asiposema leo, atamwambia nani, na lini?

"Nikisema, mtaninyang'anya mtoto?"

"Hatukunyang'anyi mtoto. Sema."

Akasema. Alisema kila kitu, tangi na picha, mikono yake na kuni zisizoisha. Alisema kwamba anampenda mtoto na hasikii mapenzi yenyewe, na kwamba hajui mambo hayo mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja. Machozi yalishuka mpaka shingoni. Alingoja Sista aseme "Yesu wangu!" na kukimbia.

Sista hakukimbia. "Wewe unataka kumtumbukiza?"

"Hapana! Ndiyo maana namkimbia!"

"Unasikia sauti ya mtu ikikuamrisha?"

"Hapana. Ni picha tu. Inakuja."

"Na wewe mwenyewe, umefikiria kujidhuru? Niambie ukweli, sitakukasirikia."

Kavindu alifuta machozi shingoni. "Nimefikiria niondoke. Nisiwepo. Mtoto awe salama."

"Asante kwa kuniambia," Sista akasema, akamshika mkono. "Sasa nisikilize. Huo ni ugonjwa. Kama malaria ilivyo ugonjwa. Huwapata akina mama wengi, wengine wakiwa wajawazito, wengine wakishazaa. Si uvivu. Si laana. Si kwamba wewe ni mama mbaya. Picha kama hizo zinawajia wengi, na wanaogopa kusema kama ulivyoogopa wewe. Unatibika."

"Mimi peke yangu ndiye…"

"Si wewe peke yako. Wiki hii wewe si wa kwanza kulia kwenye hicho kiti. Lakini hilo wazo la kutokuwepo si la kuchezea. Kuanzia sasa hutaachwa peke yako, na leo hii utaonwa na daktari hospitali kubwa Machakos. Niruhusu nimwambie Mwaitu."

Hapo Kavindu aliogopa kuliko alivyoogopa tangi. Lakini alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amechoka kubeba peke yake.

Kalunde aliingia, akasikiliza. Mdomo ulibaki wazi.

"Huyu? Na bidii yote hiyo?"

"Mwaitu, kuna bidii, na kuna mtu asiyeweza kukaa hata akitaka. Huyu hawezi kukaa."

Kalunde akamgeuza mtoto, akamtazama usoni. Sauti yake ikashuka. "Sista, pengine ni jina. Pengine mzee mwenyewe hakufurahi kuitwa, ndiyo anasumbua nyumba."

"Mzee Maundu alikuwa mkali?"

"Mzee Maundu? Huyo hakuweza hata kufukuza kuku jikoni!"

"Basi mwache mzee apumzike. Hajafanya kitu."

Kalunde akacheka bila kupenda. Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mtoto naye akaanza, na Kavindu akajikuta anawabembeleza wote wawili.

Sista alingoja watulie. Akawaeleza. Kavindu apate usingizi, hiyo ni dawa ya kwanza. Mtoto aletwe anyonye, kisha achukuliwe ili mama arudi kulala. Ale hata kama hana hamu, kidogo kidogo. Tangi litiwe kifuniko cha kufunga kwa kufuli, ili roho itulie. Dawa za daktari azinywe kama alivyoelekezwa, asiziache mwenyewe siku akijisikia nafuu.

"Amwambie daktari kwamba ananyonyesha, wampe inayofaa. Maombi pia mfanye, si mabaya, lakini yasichukue nafasi ya hospitali. Na mkiona anaanza kusikia sauti, au anasema mambo yasiyoeleweka, au anataka kujidhuru, msingoje kesho. Mleteni mara moja."

Halafu akaona kiondo kilichoanzwa, kikining'inia begani kwa Kavindu. Mwanamke wa huku haendi popote bila kiondo cha kusuka.

"Ukisuka hiki, akili yako iko wapi?"

"Iko kwenye tangi," Kavindu akasema.

"Basi tuirudishe kwenye uzi. Keti. Weka nyayo zote mbili chini. Vuta pumzi kwa pua, taratibu. Itoe, taratibu zaidi. Sasa shika uzi. Ukoje?"

"Ni uzi tu."

"Ni laini? Unakwaruza?"

Kavindu akaugusa. "Unakwaruza. Hapa pana fundo."

"Vizuri. Pitisha mara moja. Pumua. Pitisha tena. Akili ikikimbilia kwenye tangi, usiigombeze. Ni kama mbuzi aliyeingia shamba la mtu. Humuui. Unamrudisha tu. Akitoka tena, unamrudisha tena."

Kavindu akajaribu. Uzi mmoja, pumzi moja. Wa pili. Wa tatu akili ikatoka mbio, akaiona ikienda, akairudisha. Haikukaa sana. Lakini kwa muda ule mfupi mabega yake yalishuka, na yeye mwenyewe akayasikia yakishuka.

"Hii haichukui nafasi ya daktari," Sista akasema. "Ni ya kukusaidia njiani. Kila siku kidogo. Laiti ningekuuliza haya ulipokuwa mjamzito ukija kliniki. Tulipima tumbo, tukasahau mwenye tumbo."

Mchana huo huo walifika hospitalini. Daktari alimsikiliza Kavindu bila haraka, akampa dawa na siku ya kurudi. Walirudi nyumbani jua likizama. Njia nzima Kalunde hakusema neno. Kavindu alimfuata nyuma akifikiri, amenichukia. Atamwita Muthoka, nitarudishwa kwetu bila mtoto.

Walipofika, Kalunde aliingia chumbani akatoka na mkoba wake wa safari. Akaufungua. Akatoa nguo zake moja moja, akazirudisha kwenye kamba ya ukutani.

"Mwaitu, na ntheo?"

"Mbuzi wana miguu. Watafika Masinga bila mimi."

"Watu watasema…"

"Waseme nimekufa. Nitawafufukia siku nyingine." Akaketi mlangoni, akamvuta Kavindu akae kando yake. "Nilikusifu, mwanangu. Kila mahali nilikusifu. Kukuuliza, sikukuuliza. Hiyo imeniuma."

Kavindu akaweka kichwa begani kwa mama mkwe wake. Haikuwa desturi, lakini nani alikuwa anaangalia?

Nikuambie kwamba kesho yake alipona? Nitakuwa nakudanganya. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Kuna siku alilala vizuri, siku ya pili akazunguka nyumba kama zamani. Kuna siku alitupa kiondo pembeni akasema hii pumua-pumua ni upuzi. Kalunde aliokota kiondo akamrudishia.

"Mbuzi ametoroka tena?"

"Ametoroka."

"Mrudishe. Mimi nimekaa hapa."

Mutheu alipokuja kuuliza mbona Kavindu haonekani mwethya, Kalunde alimpokea kwa sauti ya sokoni.

"Kavindu ni mgonjwa wa uzazi. Analala."

"Analala saa hizi? Kavindu? Si alikuwa na nguvu…"

"Hizo hazikuwa nguvu. Tulimpigia makofi mtu aliyekuwa anazama, Mutheu. Mimi na wewe. Sasa kalete kuni."

Mutheu alienda, akaleta kuni. Kesho yake akaja na wenzake wawili na uji wa wimbi. Kavindu aliogopa watamcheka. Waliketi tu, wakasuka, mmoja akamshika mtoto.

Muthoka alikuja mwisho wa mwezi, akapata habari. Kwanza aliruka. "Ugonjwa wa kuogopa? Mama, si ninyi mlizaa shambani mkarudi na kuni?"

"Keti," Kalunde akamwambia. "Mke wako alikuambia anaogopa, ukafanya nini? Ulimrusha mtoto juu."

Muthoka akaketi. Alimtazama mkewe, na safari hii akaona. Uso ukamshuka. "Sikujua, Mama Maundu. Kweli sikujua." Jioni hiyo, wanaume wakipita barabarani wakirudi sokoni, walimwona Muthoka uwanjani amembeba mtoto kwenye leso mgongoni. Walimcheka mpaka wakachoka. Yeye aliendelea kumbembeleza. Kila alipokuja nyumbani alitia mkono, na kufuli ya tangi aliinunua yeye.

Mvua ikanyesha. Matuta yakashika. Mahindi yakatoka, kunde zikafunika ardhi. Kavindu alirudi kwa daktari kila alipoambiwa. Usingizi ulirudi kwanza. Kisha hamu ya kula. Mapenzi yalikuja mwisho, tena bila tangazo. Siku moja Maundu alimkamata pua akacheka, na Kavindu akasikia kitu kikimfunguka kifuani. Alilia, lakini hakikuwa kilio kile.

Pale kliniki Sista Wamucii alianza kumuuliza kila mjamzito, kabla ya yote, "Unalalaje? Moyo ukoje?" Wenye wasiwasi aliwafundisha ile ya uzi na pumzi. Mke wa mtoto wa Mutheu alikuwa na mimba, naye alifundishwa na Kavindu mwenyewe. Na wewe unayesoma, ukimwona mzazi hakai chini, usikimbilie kumsifu. Muulize kwanza amelalaje, kisha ngoja jibu.

Harusi ya Masinga ilifika. Kalunde alifungua mkoba tena, akatia nguo. Daktari alikuwa ameridhika, na Mutheu alikuwa ameahidi kupita kila siku. Hata hivyo Kalunde alisita mlangoni.

"Nisiende?"

"Nenda, Mwaitu. Wakuone uko hai." Kavindu alimpa kiondo kipya. Kalunde alipitisha vidole ndani, akatafuta kasoro kila mahali, akakosa. Tunasikia kwamba huko Masinga hakuongea mengine. Aliwaambia watu wa harusi, "Mke wa Muthoka? Huyo analala mpaka jua linamkuta kitandani!" Aliwaambia kwa maringo yale yale aliyokuwa nayo akisifu jembe. Watu hawakumwelewa, naye hakujali.

Nyumbani, Kavindu alifungua kufuli, akachota maji, akafunga. Aliweka karai kando ya tangi akamvua Maundu nguo. Hapo picha ikaja. Alijua ingeweza kuja. Moyo ukaruka. Akaweka nyayo chini. Akavuta pumzi, akaitoa. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Sabuni ilikuwa inateleza. Sikio la mtoto lilikuwa na uchafu nyuma, akalisugua. Picha ikakaa kidogo, ikapita, kama mtu wa barabarani ambaye hukumkaribisha. Mikono yake ilikuwa bado imemshika mtoto, imara.

Maundu akamkojolea.

"Mume wa watu wewe!" Kavindu akacheka peke yake. "Una haraka ya wapi?"

Alimkausha, akamnyonyesha. Hakwenda kuni. Hakufagia. Alikaa chini kwenye mkeka kivulini na mtoto kifuani.

Mutheu alikuja baadaye na mzigo wa kuni mgongoni. Alikuwa amefungua mdomo kupiga hodi, akaufunga. Mama na mtoto walikuwa wamelala fofofo, mtoto amemshika mama kidole. Mutheu aliinama, akaweka kuni chini moja moja ili zisilie, akaenda zake akinyata.